Moshi wa kiwanda cha karatasi unafika wapi? Mwongozo wa kukokotoa kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Nianze na programu gani? Data ya upepo naipata wapi? Kwa nini hesabu yangu inasema kijiji kiko salama ilhali watu wanalala wameziba pua? Wanaouliza ni wanafunzi wa mazingira, maafisa wa kaunti na halmashauri waliokabidhiwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira wakaambiwa waipitie, na wakazi wanaotaka kujua kama wanachoambiwa na wataalamu kina mashiko. Mwongozo huu ni kwa wote hao. Ukijua kutumia lahajedwali kama Excel na hesabu za sekondari, utaufuata hadi mwisho.

Mahali pa mfano ni Webuye, magharibi mwa Kenya. Kiwanda cha karatasi kilijengwa pale miaka ya 1970 kando ya mto Nzoia, kikasimama mwaka 2009, na watu waliokulia mjini humo wanaijua harufu ya yai viza bila kuelezwa. Mahali penyewe pana mafunzo mengi: mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, mto unapita bondeni, na milima ya Chetambe iko karibu. Anayefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, nchini Tanzania, atakuta mambo mengi yanafanana. Ila namba za bomba nitakazotumia humu ni za mfano wa darasani. Si vipimo vya Webuye wala vya kiwanda kingine chochote, kwa hiyo usizinukuu kama ushahidi.

Jambo moja lishike tangu sasa, maana ndilo linalowaangusha wengi: bomba refu ndilo linaloonekana, lakini harufu inayowafikia majirani usiku mara nyingi hutoka chini, kwenye matangi, matundu ya mvuke na mabwawa ya maji taka. Ukilikokotoa bomba peke yake, utaandika ripoti safi isiyofanana na maisha ya watu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mchoro wa kiwanda unaoonyesha kila mahali panapotoka moshi, mvuke au harufu, pamoja na vimo vya majengo.
- Kwa kila bomba: kimo, kipenyo cha ndani, kasi ya hewa inayotoka, joto lake, na vipimo vya vichafuzi.
- Data ya upepo ya kila saa kwa mwaka mmoja angalau. Miaka mitatu hadi mitano ni bora zaidi.
- Lahajedwali, na QGIS kwa ajili ya ramani. QGIS ni ya bure.
- AERMOD, programu ya kukokotoa moshi unavyoenea, kwa hatua za mbele. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaitoa bure, na tangu mwishoni mwa 2005 ndiyo modeli linayoipendekeza kwa kazi za aina hii.
- Daftari. Kila namba unayoichukua mahali, andika umeitoa wapi na kipimo chake ni kipi.

Usianze na AERMOD. Najua inavutia, maana inatoa ramani za rangi. Lakini mtu asiyejua jibu linapaswa kuwa la ukubwa gani hatagundua likitoka limekosewa mara elfu. Anza na lahajedwali, upate jibu la kukadiria, halafu programu ikuletee jibu zuri zaidi.

Hatua ya 1: Orodhesha kila chanzo

Viwanda vingi vya massa ya karatasi hutumia njia ya kraft: vipande vya mbao hupikwa kwa sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi. Hiyo salfa ndiyo inayozaa harufu. Inatoka kama haidrojeni salfaidi (H2S), methili merkaptani, na ndugu zake wawili, dimethili salfaidi na dimethili disalfaidi. Pamoja nazo kuna salfa dioksaidi (SO2), oksaidi za naitrojeni na vumbi laini.

Pita kiwandani kwa mpangilio wa kazi yenyewe, toka mbao zinapoingia. Andika mitungi ya kupikia mbao, mitambo ya kukoleza maji meusi yanayobaki baada ya kupika, boila inayochoma maji hayo ili kurejesha kemikali, tangi la kuyeyushia kemikali za moto zinazotoka chini ya boila hiyo, tanuri la chokaa, boila ya umeme na mvuke, na mwisho mabwawa ya maji taka. Wanafunzi wengi huleta orodha yenye boila mbili tu. Mabwawa husahaulika kabisa kwa sababu hayana bomba, na matundu ya mvuke juu ya paa husahaulika kwa sababu hayamo kwenye mchoro wa mhandisi.

Onyo la usalama: usijipime ujasiri kwa kunusa karibu na matundu haya. H2S ikizidi kama sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa, na mtu hudhani hatari imeisha. Ndani ya kiwanda tembea na mtu wa usalama mwenye kipimagesi kinacholia.

Hatua ya 2: Geuza vipimo viwe gramu kwa sekunde

Modeli inataka namba moja kwa kila chanzo: kinatoa gramu ngapi kwa sekunde. Maabara huleta miligramu kwa mita moja ya ujazo, na hapo ndipo makosa huanza.

Chukua bomba letu la mfano: kimo mita 60, kipenyo cha ndani mita 2, hewa inatoka kwa mita 15 kwa sekunde, joto nyuzi 150. Eneo la mdomo ni mita za mraba 3.14, kwa hiyo zinatoka mita za ujazo 47.1 kwa sekunde. Maabara inasema H2S ni miligramu 80 kwa mita ya ujazo *sanifu*, yaani iliyorudishwa kwenye nyuzi sifuri na kanieneo ya usawa wa bahari. Hewa yako ni ya moto, na uko mita 1,500 juu, ambako kanieneo ni kama hektopaskali 845 badala ya 1,013. Kwa hiyo:

47.1 × (273 ÷ 423) × (845 ÷ 1013) = mita sanifu 25.4 kwa sekunde

25.4 × 80 = miligramu 2,032, yaani gramu 2 kwa sekunde.

Ukizidisha 80 kwa 47.1 moja kwa moja utapata karibu gramu 3.8, umekosea kwa asilimia themanini na kitu hata kabla upepo haujavuma. Angalia pia kama maabara imepima hewa kavu. Hewa ya boila ya kurejesha kemikali imejaa mvuke wa maji, na usipoutoa utazidisha tena.

Kipimo kikija kwa sehemu kwa milioni (ppm), jihadhari na jedwali za vitabuni. Kwa H2S, ppm 1 ni miligramu 1.39 kwa mita ya ujazo katika nyuzi 25 usawa wa bahari. Webuye ni kama 1.16 tu, kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi.

Kwa mabwawa, gawa jumla ya gramu kwa sekunde kwa eneo. Bwawa la mita 100 kwa 50 linalotoa gramu 0.5 kwa sekunde lina gramu 0.0001 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. AERMOD inataka hiyo namba ya pili. Ukiipa ya kwanza, itaamini bwawa lako linatoa mara elfu tano zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta upepo, na uhakikishe unatoka wapi

Anza na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Kwa Webuye, Kakamega na Kitale ni mahali pa kuulizia kwenye idara ya hali ya hewa. Kisumu na Eldoret zina viwanja vya ndege vinavyorekodi upepo. Ukikosa data ya ardhini, ERA5 ya Copernicus, rekodi ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa modeli, ni ya bure na ina kila saa tangu mwaka 1940, ila kila mraba wake una upana wa takriban kilomita 30. Mraba wa namna hiyo hauoni bonde la Nzoia wala mlima wa Chetambe, kwa hiyo ichukulie kama mwongozo wa jumla.

Kama kuna uwezo wowote, simamisha kipimaupepo chako kwenye nguzo ya mita 10, mbali na miti na majengo, hata kwa miezi michache. Nguzo moja iliyo mahali sahihi inashinda data ya miaka mingi kutoka mji mwingine.

Mambo matatu ya kukagua:

Kwanza, mwelekeo. Katika hali ya hewa, nyuzi 90 maana yake upepo *unatoka* mashariki, kwa hiyo moshi unakwenda magharibi. Kosa hili linapeleka uchafuzi wote kwenye kijiji kisicho chake.

Pili, saa. ERA5 na rekodi nyingi za viwanja vya ndege zimeandikwa kwa saa za Greenwich. Kenya na Tanzania ziko mbele kwa saa tatu. Usipoisogeza, modeli yako itaona jua la saa sita mchana likiwaka saa tatu asubuhi, na hesabu zote za utulivu wa hewa zitaharibika kimyakimya.

Tatu, saa tulivu. Vipimaupepo vya zamani huandika sifuri upepo ukiwa mdogo. Usizifute. Hizo ndizo saa ambazo watu hulalamika.

Hatua ya 4: Amua hewa imetulia kiasi gani

Nadharia yake ni fupi. Jua kali likichoma ardhi, hewa huchemka na kuchanganya moshi juu na chini haraka. Usiku wa mbingu wazi ardhi hupoa, hewa baridi hukaa chini, na moshi hunyooka kama uzi bila kuchanganyika. Mtaalamu wa hali ya hewa, Pasquill, alipanga hali hizi kwa madaraja ya herufi: A ni hewa inayovurugika sana, D ni ya kati, F imetulia kabisa.

Kwa kazi ya lahajedwali inatosha hivi. Mchana wa jua kali: upepo chini ya mita 2 kwa sekunde ni A, kati ya 3 na 5 ni B, zaidi ya 5 ni C. Kukiwa na mawingu mazito, mchana au usiku, tumia D. Usiku wa nyota, upepo wa 2 hadi 3 ni F, wa 3 hadi 5 ni E, na ukizidi 5 ni D. Usiku wa upepo chini ya mita 2 huwekwa F, ukijua kwamba hali halisi inaweza kuwa mbaya zaidi.

Hatua ya 5: Kokotoa kimo halisi cha moshi

Moshi wa moto hauishii kwenye mdomo wa bomba, hupanda kwanza. Fomula za mtafiti Briggs hutumika sana. Tafuta kwanza nguvu ya kupaa, F (si daraja F la hewa):

F = 9.81 × kasi × (kipenyo² ÷ 4) × (Tmoshi − Thewa) ÷ Tmoshi

Joto lazima liwe kwa kelvini. Nyuzi 150 ni 423, na hewa ya nje ya nyuzi 22 ni 295. Kwa bomba letu F inakuwa 44.5. Kwa kuwa iko chini ya 55 na hewa haijatulia, kupanda ni:

21.425 × F^0.75 ÷ upepo

Upepo wa hapa ni ule wa kwenye mdomo wa bomba, ambao una nguvu kuliko wa mita 10. Mchana wa daraja B, upepo wa 3.5 ardhini unakuwa kama 4 kwenye mita 60. Tukiweka 4, moshi unapanda mita 92. Jumlisha na 60 za bomba, kimo halisi ni mita 152.

F ikifika 55 au zaidi fomula ni 38.71 × F^0.6 ÷ upepo. Kwa madaraja E na F kuna fomula nyingine ya hewa tulivu. Usitumie hii ya mchana usiku. Kumbuka pia kwamba moshi wetu humaliza kupanda kama mita 500 kutoka kwenye bomba, kwa hiyo matokeo ya karibu zaidi ya hapo yaangalie kwa tahadhari.

Hatua ya 6: Jenga lahajedwali

Fomula ya mkia wa moshi, kwa mtu aliyesimama chini katikati ya njia ya moshi, ni hii:

C = Q ÷ (π × u × σy × σz) × exp(−H² ÷ (2σz²))

Q ni gramu kwa sekunde, u ni upepo, H ni kimo halisi. σy na σz ni upana wa mkia wa moshi kwa kando na kwa wima, na hukua kadiri unavyokwenda mbali. Kwa mashambani, Briggs aliziandika hivi (x ni umbali kwa mita):

- B: σy = 0.16x ÷ √(1 + 0.0001x); σz = 0.12x
- D: σy = 0.08x ÷ √(1 + 0.0001x); σz = 0.06x ÷ √(1 + 0.0015x)
- F: σy = 0.04x ÷ √(1 + 0.0001x); σz = 0.016x ÷ (1 + 0.0003x)

Fungua karatasi mpya. Safu ya A iwe umbali: 500, 1000, 2000, 5000, kuanzia A2. Kwa daraja B andika:

B2: `=0.16*A2/SQRT(1+0.0001*A2)`
C2: `=0.12*A2`
D2: `=2/(PI()*4*B2*C2)*EXP(-(152^2)/(2*C2^2))*1000000`

Ile milioni ya mwisho inageuza gramu kuwa mikrogramu. Na yale mabano yanayozunguka 152^2 usiyaache. Excel husoma `-152^2` kama (−152) × (−152), alama ya kutoa inapotea, na badala ya namba kushuka inalipuka. Kosa hili nimeliona kwenye kazi za watu wenye shahada mbili.

Ukiburuta chini utapata H2S kama mikrogramu 1.4 kwenye mita 500, 3.9 kwenye kilomita 1, 1.9 kwenye kilomita 2, na 0.4 kwenye kilomita 5. Sasa badilisha σ ziwe za D: karibu sifuri kwenye kilomita 1, 0.7 kwenye 2, na 1.6 kwenye 5. Umeona? Hewa ikitulia kidogo, moshi wa bomba refu hautui karibu, unavuka mji na kushuka mbali. Ndiyo sababu anayeishi ukutani mwa kiwanda anaweza kuwa na afadhali mchana kuliko wa kijiji cha mbele.

Hatua ya 7: Rudia kwa chanzo cha chini, usiku

Hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Chukua tundu la mvuke lililo mita 10 juu ya ardhi, mvuke wake haupandi, linatoa gramu 0.2 tu kwa sekunde. Ni sehemu moja ya kumi ya bomba refu, na mhandisi atakwambia halina haja ya kuwekwa. Weka daraja F, upepo 1.5, H ya 10, umbali kilomita 1.

σy ni 38.1, σz ni 12.3. Jibu: mikrogramu 65 kwa mita ya ujazo.

Linganisha na 3.9 ya bomba kubwa kwa umbali uleule. Chanzo kidogo mara kumi kimeleta uchafuzi zaidi ya mara kumi na sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kero ya harufu ya H2S ni mikrogramu 7 kwa wastani wa nusu saa. Bomba refu peke yake liko chini ya hapo. Lile tundu dogo limepita mara tisa, na limefanya hivyo watu wakiwa wamelala.

Kwa hiyo ukikuta ripoti yenye sura nzima juu ya kuongeza kimo cha bomba na hakuna mstari hata mmoja juu ya matundu na mabwawa, uliza. Una haki ya kuuliza, na sasa una hesabu mkononi.

Hatua ya 8: Hamia AERMOD

Lahajedwali inadhani dunia ni tambarare, upepo haubadiliki na hakuna majengo. Webuye si hivyo. AERMOD huja na wasaidizi: AERMET huandaa hali ya hewa, AERMAP huandaa miinuko, na BPIPPRM hushughulikia majengo.

Miinuko ichukue kwenye SRTM ya mita 30, data ya miinuko iliyopimwa kutoka angani, ambayo ni ya bure. Hakikisha kila kitu kiko kwenye mfumo mmoja wa ramani. Webuye iko UTM kanda ya 36 Kaskazini. Mgololo ni kanda ya 36 Kusini. Ramani za zamani za serikali zimetumia mfumo wa Arc 1960, na ukiziweka juu ya WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kuzigeuza, kiwanda chako kitahama karibu mita 300. Kwenye bonde, mita 300 ni tofauti ya mtu wa mtoni na mtu wa mlimani.

Mlima una uzito wake. Kama kuna nyumba iliyo mita 140 juu ya msingi wa kiwanda na moshi wa usiku unasafiri kwenye kimo kama hicho, mkia mwembamba unaweza kuigonga nyumba karibu moja kwa moja bila kuchanganyika. Lahajedwali ingesema nyumba hiyo haina shida.

Majengo nayo huvuta moshi chini. Kanuni ya kukumbuka: chukua kimo cha jengo, ongeza mara moja na nusu ya kimo au upana wake, kile kilicho kidogo. Bomba likiwa fupi kuliko jumla hiyo, moshi wake utanaswa na mzunguko wa hewa nyuma ya jengo. Jengo la boila la mita 40 lenye upana wa mita 40 linafika mita 100, kwa hiyo bomba letu la mita 60 lingenaswa.

Bomba huandikwa hivi kwenye faili:

`SO LOCATION BOMBA1 POINT x y z`
`SO SRCPARAM BOMBA1 2.0 60.0 423.0 15.0 2.0`

Mpangilio ni gramu kwa sekunde, kimo, joto kwa kelvini, kasi, kipenyo. Ukiweka 150 badala ya 423, programu inaweza kuendelea tu. Itadhani moshi ni baridi kuliko barafu na hautapanda kwa nguvu ya joto.

Hatua ya 9: Weka vituo vya kupokea

Weka gridi ya mita 50 hadi nusu kilomita kutoka uzioni, mita 100 hadi kilomita 2, kisha mita 500 hadi kilomita 10. Juu yake ongeza mahali penye watu kwa majina: shule za msingi, zahanati, soko, stendi. Ramani yenye rangi haimwambii chochote mzazi. Mstari unaosema shule fulani ilipata kiasi gani saa ngapi za usiku unamwambia kila kitu.

Hatua ya 10: Linganisha na viwango, kisha na vipimo vya kweli

Linganisha muda na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka SO2 mikrogramu 40 kwa saa 24, na PM2.5, yaani vumbi laini, mikrogramu 15 kwa saa 24 na 5 kwa mwaka. Kwa afya, H2S ina mwongozo wa mikrogramu 150 kwa saa 24. Kumbuka hiyo 7 ya harufu ni ya nusu saa. Mtu akitumia 150 kujibu malalamiko ya harufu, amebadilisha swali. Viwango vya nchi viko kwenye kanuni za ubora wa hewa zinazosimamiwa na mamlaka za mazingira, NEMA upande wa Kenya na NEMC upande wa Tanzania, na hivyo ndivyo vyenye nguvu ya kisheria.

Pua hunusa kwa sekunde, modeli hutoa wastani wa saa. Kukadiria kilele cha dakika 3, zidisha wastani wa saa kwa 1.8.

Halafu pima. Mirija ya kunasa gesi isiyohitaji umeme inaweza kutundikwa kwenye nguzo kwa wiki kadhaa. Wape wakazi daftari waandike tarehe, saa, na harufu ilikuwa hafifu, ya wastani au kali. Ukiweza kufanya angalau nusu ya makadirio yako yawe kati ya nusu na mara mbili ya vipimo, umefanya kazi ya kuheshimika.

Mambo yakigoma

*Namba ni kubwa kupita kiasi karibu na bomba.* Angalia mabano ya Excel kwanza, kisha kama umesahau kupanda kwa moshi, kisha kama chanzo cha eneo kimepewa gramu kwa sekunde bila kugawanywa.

*Kila mahali ni sifuri.* Mara nyingi viwianishi vya kiwanda na vya vituo viko kwenye kanda tofauti, na programu inaona kilomita elfu kadhaa kati yao. Vichore vyote QGIS uone kama vinakaa pamoja.

*Ramani inaonyesha upande ambao hakuna anayelalamika.* Upepo umegeuzwa. Ukithibitisha haujageuzwa, basi data yako ya upepo ni ya mahali pengine, na bonde lako lina upepo wake.

*Kilele cha uchafuzi kinatokea saa sita mchana kwa vyanzo vya chini.* Kagua kwanza kama saa za Greenwich zimesogezwa sawasawa.

*AERMET inakataa kumaliza.* Fungua faili la ujumbe, usibahatishe. Kwa kawaida ni saa zilizokosekana, mawingu yasiyoandikwa, au data ya anga ya juu isiyokuwepo kwa siku hizo. Kwa maeneo yetu, kutumia data ya modeli ya hali ya hewa iliyoandaliwa kwa AERMOD mara nyingi ni njia fupi.

*Saa zenye upepo chini ya mita 1 zinaleta namba za ajabu.* Fomula inagawanya kwa upepo, kwa hiyo upepo ukikaribia sifuri jibu linakimbilia juu bila maana. Kwenye lahajedwali usishuke chini ya 1. Kama saa hizo ni nyingi na ndizo zenye malalamiko, unahitaji modeli inayofuata hewa inavyozunguka bondeni, kama CALPUFF.

*Modeli inasema hakuna harufu, madaftari ya wakazi yanasema ipo.* Yaamini madaftari kwanza. Toa tarehe na saa zote walizoandika harufu kali, angalia upepo wa saa hizo ulitoka upande gani, kisha chora mstari kutoka nyumbani kwao kurudi upepo unakotoka. Mistari ya nyumba kadhaa ikikutana sehemu moja ya kiwanda, rudi pale ukiwa na mtu wa usalama, mkatafute chanzo ambacho hakimo kwenye orodha ya hatua ya 1.